Sura ya 7: Injini Haina Kiu

Panda barabara ya Kibosho asubuhi yoyote ya siku ya kazi, uhesabu maguta yaliyosimama pembeni. Utayakuta kwenye kona zilezile: kiti kimefunuliwa, mvuke unafuka, dereva amechuchumaa na dumu la njano la lita 5 akisubiri. Nyuma kuna mifuko ya saruji, na mwenye mzigo amekaa juu yake akitazama saa. Mwenzake anayeshuka hasimami kuuliza kulikoni. Anapiga honi tu na kupaza sauti: "Imekunywa, Mangi?" Aliyekwama anajibu bila kugeuka: "Imekunywa."

Nilikuwa mmoja wao kwa miaka 2. Guta langu nililinunua likiwa limetumika, na aliyeniuzia alinikabidhi vitu vitatu: kadi, ufunguo na dumu. Lile dumu halikunishangaza hata kidogo. Nilidhani ndivyo mashine hizi zilivyo, kwamba ukilipandisha mlima sharti ulinyweshe, kama punda. Nikajua mifereji yote ya kuchotea maji kati ya mjini na Kibosho, nikajua na akina mama wanaokubali kukupa maji ya bombani na wanaokufukuza.

Kumbe neno lenyewe lilikuwa likitudanganya. Injini haina kiu. Petroli huungua ikaisha, oili huliwa kidogo kidogo, lakini maji ya rejeta hayana pa kwenda. Pampu huyasukuma yakazunguka silinda, yakabeba joto, yakaingia kwenye rejeta, yakaliacha joto hilo kwenye upepo, yakarudi tena. Mfumo umefungwa. Uliyoyajaza Januari, Juni unapaswa kuyakuta palepale. Kama kila siku unaongeza nusu lita, basi kila siku nusu lita inatoroka, na kazi yako ni kutafuta mlango wa kutorokea. Dumu kubwa zaidi halitakusaidia.

Kabla hujashika spana, hakikisha kwanza kwamba pikipiki yako inahusika. Nyingi hazihusiki. Boxer na TVS zinazobeba abiria kutoka stendi ya Moshi kwenda Pasua, Majengo au Rau hupozwa na hewa. Itazame silinda: utaona mapezi ya chuma yamepangana kama kurasa za kitabu. Hapo hakuna rejeta wala pampu ya maji, na hakuna cha kumwaga. Kwangua matope yasizibe mapezi, badili oili kwa wakati, kisha nenda sura ya 8.

Yenye rejeta ni guta, ile pikipiki ya magurudumu matatu yenye bodi ya mizigo, hasa yenye injini ya CC 200 na kuendelea. Mengi hutoka China, ambako mji wa Chongqing pekee ndio makao ya Lifan, Zongshen na Loncin. (Si yote, maguta madogo mengine bado hupozwa na hewa, kwa hiyo tazama, usikisie.) Wengine wanaohusika ni wenye pikipiki kubwa za safari ndefu, zile ambazo watalii hufika nazo Moshi zimejaa vumbi la nchi tano.

Kupoza pikipiki kwa maji kuliwahi kuchekwa. Suzuki ilipotoa GT750 mwaka 1971, pikipiki kubwa yenye rejeta kifuani, Waingereza waliibatiza jina la Birika. Honda ikafuata na Gold Wing mwaka 1974, na tangu hapo kicheko kikafifia, kwa sababu rahisi: hewa humpoza anayekimbia. Guta lenye shehena ya tofali likipanda Old Moshi kwa gia ya kwanza halikimbii. Mwanafunzi anayetembea kwa miguu analipita. Injini inanguruma kwa nguvu zake zote na upepo hakuna. Hapo kinachoiokoa ni maji, na feni iliyo nyuma ya rejeta.

Mlima nao una hila yake. Tanga, usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 100. Moshi mjini, mita 800 na kitu juu ya bahari, huchemka kwenye nyuzi 97 hivi. Lango la Marangu, karibu na mita 1,870, ni nyuzi 94. Wapishi wanaofuatana na wapagazi wanalijua hili kuliko walimu wengi wa fizikia: kambi ya Kibo Hut, zaidi ya mita 4,700, maji hutokota kwenye nyuzi 84 au 85, na maharage hukataa kuiva hata ukeshe nayo. Kwa kukisia, kila mita 300 unazopanda hupunguza nyuzi 1. Injini yenyewe hupenda kufanya kazi maji yakiwa kwenye nyuzi 80 na kitu hadi 90 na kitu. Kwa hiyo kadiri unavyokwenda juu, na kadiri injini inavyozidi kuhangaika, ndivyo maji matupu yanavyokuwa karibu zaidi na kutokota.

Ndiyo maana kifuniko cha rejeta si kizibo kama cha chupa. Ni presha kuka. Kisome juu, utakuta namba kama 0.9 au 1.1. Hiyo ni presha ambayo springi yake huizuia kabla ya kuiachia, na presha hiyo hupandisha kiwango cha kuchemka kwa nyuzi 20 hivi. Ndani yake mna vali mbili. Maji yakipata moto na kutanuka, vali ya kwanza hufunguka na kuruhusu ziada ipite kwenye mrija mwembamba hadi tangi la akiba. Usiku injini ikipoa maji husinyaa, vali ya pili hufunguka, na ile ziada hunyonywa kurudi rejetani.

Sisi wa mlimani tungepaswa kuuelewa mfumo huu bila kuchorewa. Wachagga walichimba mifongo karne nyingi zilizopita, mifereji inayotoa maji kwenye mito ya msituni na kuyashusha hadi vihambani, yaani mashamba ya nyumbani, kwa mteremko uliopimwa kwa jicho. Juu ya mfongo huwa kuna nduwa, bwawa dogo linalokusanya maji ya usiku yatumike mchana. Msimu ukifika, tarumbeta au mbiu hulia, watu hutoka na majembe kuondoa tope, maana mfongo usiozibuliwa humnyima maji wa mwisho. Rejeta ni mifongo mingi myembamba ya alumini iliyolazwa sambamba, na tangi la akiba ndilo nduwa yake. Tofauti ni kwamba hakuna anayepiga mbiu.

Guta langu nililizibua Jumapili moja baada ya misa, bustanini, na nilichokiona ndani ndicho kilichonifanya niandike sura hii.

Kwanza, muda. Injini iwe imelala usiku kucha, au angalau imekaa saa kadhaa, hadi uweze kuishika kwa kiganja chote bila kusita. Nina kovu mkono wa kulia, kubwa kama jani la mchicha, nililolipata kwa kufungua kifuniko nikiwa na haraka pale njiani. Presha ikiondoka ghafla, maji yaliyokuwa yametulia kwenye nyuzi 105 hugeuka mvuke papo hapo na kukurukia usoni. Kitambaa hakitoshi. Na ukichemsha barabarani, usimwage maji ya baridi juu ya injini ya moto. Silinda hedi hupinda au kupasuka, na hapo umeacha kuzungumzia rejeta, unazungumzia kununua injini.

Egesha mahali tambarare. Vua kiti na vifuniko vya pembeni. Fuata mpira wa chini wa rejeta hadi pampu ya maji, chini ya pampu utaona bolti ndogo iliyojitenga, mara nyingi ya spana namba 8 au 10, ikiwa na washa ya shaba. Hiyo ndiyo ya kumwagia. Kama huioni, legeza klempu ya mpira wa chini uuvute. Tega beseni pana. Fungua bolti kwanza, ndipo ufungue kifuniko cha juu taratibu. Maji yataanza kwa kudondoka kisha yatatoka kwa nguvu.

Sasa usikimbilie hatua inayofuata. Chuchumaa utazame beseni, kwa sababu hapo ndipo mashine inaposema ukweli wake wote. Kijani, waridi au buluu iliyo safi ina maana kuna kulanti (dawa ya maji ya rejeta) na bado ina uhai. Rangi ya matofali ni kutu. Utando wenye rangi za upinde wa mvua juu ya maji ni oili, na oili ndani ya maji huashiria gasketi ya silinda hedi imeachia. Chomoa na kijiti cha kupimia oili: kama oili imegeuka chai ya maziwa, maji nayo yameingia upande wa pili. Hapo funga kila kitu, mpigie fundi, usiwashe tena. Kusafisha rejeta hakuponyi gasketi.

Langu lilitoa uji wa kahawia. Chini ya beseni nilikuta mchanga mwembamba mweusi, ule wa volkano anaoujua kila aliyeoga mtoni huku, na vipande vya gamba jeupe. Mchanga ulitoka mifereji ya barabarani. Gamba nadhani lilitoka kisima kimoja cha Mabogini nilikokuwa nikijaza dumu nikibeba mpunga, kwani maji ya visima vya tambarare yana chumvi nyingi kuliko ya chemchemi za juu, na chumvi hiyo hubaki ikiganda kila maji yanapopata moto, kama ndani ya birika la zamani. Nilikuwa nimeilisha injini ardhi ya wilaya mbili.

Rudisha bolti, jaza maji safi, funga kifuniko, washa. Iache ingurume hadi mpira wa juu na wa chini yote iwe ya moto ukiigusa. Wa chini ukibaki baridi muda mrefu, ama thamostati haifunguki au rejeta imeziba. Zima, subiri ipoe (ndiyo, tena), mwaga. Rudia. Mimi nilirudia mara 5 ndipo maji yalipotoka kama yalivyoingia. Jumapili iliisha hivyo, na mke wangu akauliza kama nimehamia bustanini.

Utashauriwa mengi wakati huu na wapita njia. Mmoja atasema tia sabuni ya unga. Itatoa povu ambalo utalisuuza wiki nzima, na povu halibebi joto. Mwingine atasema magadi, kwa kuwa yanang'arisha sufuria. Magadi hula alumini, na rejeta yako ni alumini nyembamba kuliko sufuria yoyote. Tindikali ya betri usiizungumzie kabisa. Kama kutu ni nyingi, maduka ya spea huuza dawa ya kusafishia rejeta. Chagua inayosema inafaa alumini, fuata maelezo yake, kisha suuza mara mbili zaidi ya unavyodhani inatosha.

Rejeta ina upande wa nje pia, na kwa guta huo mara nyingi ndio mbaya zaidi, maana rejeta hukaa nyuma ya gurudumu la mbele na hulishwa matope masika yote. Mwagia maji kwa upole ukitokea upande wa injini, ili tope litoke lilikoingilia. Usiwape vijana wa kuosha magari waipige kwa mashine ya presha. Vile vibati vyembamba hulala kama nyasi zilizokanyagwa na ng'ombe, na upepo haupiti tena.

Ukiwa bado umechuchumaa, bonyeza kila mpira. Uliokakamaa au wenye nyufa ubadilishe, pamoja na klempu yake. Kisha chukua kifuniko, ukigeuze, uitazame raba ya chini. Hapa ndipo nilipomkuta mwizi wangu. Raba ilikuwa ngumu kama ukwato, imepasuka robo ya mzunguko, na ule mrija mwembamba wa tangi la akiba ulikuwa na tundu. Kila nilipopanda, maji yalipita kwenye raba mbovu mapema kabla ya presha kujengeka, yakatoka kwenye tundu kama mvuke, na usiku rejeta ilinyonya hewa badala ya maji. Kifuniko kipya na kipande cha mrija vilinigharimu bei ya sahani mbili za pilau. Miaka 2 ya kuchota maji, kwa sahani mbili za pilau.

Thamostati sina budi kuisema kidogo, kwa kuwa mafundi wengi wakiikuta huitoa na kuitupa: "inazuia maji". Kuzuia ndiyo kazi yake. Hushikilia maji ndani ya injini hadi yapate moto unaotakiwa, ndipo huyaruhusu kwenda rejetani. Ikiondolewa, asubuhi ya Julai pale Machame injini itatembea baridi kilomita nyingi, ikila petroli na kuchafua oili. Kama imekwama nunua nyingine.

Tumefika kwenye kujaza. Muuza spea mmoja karibu na soko la Mbuyuni aliwahi kunicheka nilipouliza kulanti. Akanionyesha maandishi ya dumu, kwamba inazuia maji kuganda hadi nyuzi 37 chini ya sifuri. "Barafu iko Kibo, mzee wangu. Guta lako linapanda Kibo?" Alikuwa na haki kwa hilo. Ila kuganda ni kazi moja tu ya kulanti. Ikichanganywa nusu kwa nusu na maji huchemka kwenye nyuzi 107 hivi usawa wa bahari, hata bila presha ya kifuniko, na kwa mtu wa Marangu nyuzi hizo ni mali. Zaidi ya hapo ina dawa za kuzuia kutu. Ndani ya injini yako mna alumini, chuma, na pengine shaba, vyote vimezama kwenye maji yaleyale. Metali mbalimbali ndani ya maji yenye chumvi hufanya betri, na betri hiyo hula metali iliyo dhaifu, ambayo ni alumini. Kulanti huzuia mlo huo. Hulainisha pia sili ya pampu.

Usiamini rangi. Kijani cha kampuni moja si kijani cha nyingine, na aina mbili zikichanganywa zinaweza kugeuka ute wa kuziba mirija. Soma kama ni ya injini za alumini, na kwa pikipiki tafuta isiyo na silikati, kwani hizo huweza kukwangua sili ya pampu. Nyingi za kawaida hudumu miaka 2 hivi. Ikiwa haijachanganywa kiwandani, ichanganye na maji yaliyotoneshwa. Hapa kuna mtego wa lugha: ukiomba "maji ya betri" dukani, unaweza kupewa maji safi ya kuongezea, au tindikali yenyewe. Soma chupa kabla ya kulipa. Ukikosa kabisa, maji ya mvua yaliyokingwa kwenye chombo safi baada ya bati kuoshwa na mvua ya mwanzo ni bora kuliko ya kisima.

Kaza bolti kwa washa mpya, lakini kwa mkono wa adabu. Nyuzi za alumini zikikwanguka hutazipata tena. Mimina polepole sana huku mtu akilitikisa guta kushoto na kulia na wewe ukiibana mipira kama anayekamua ng'ombe. Unachokamua ni hewa. Povu la hewa likibaki juu ya silinda, maji hayafiki pale, na hapo huungua. Washa kifuniko kikiwa wazi, uangalie viputo vikipanda, na uongeze kadiri usawa unavyoshuka. Viputo visivyokoma, hata baada ya dakika 15, ni habari nyingine ya gasketi. Subiri hadi feni iwake yenyewe. Zima, jaza hadi shingoni, funga. Jaza tangi la akiba kati ya mistari yake miwili, usipitilize. Pikipiki nyingi huchukua lita 1 hadi 2. Pima ulichokimwaga mwanzo, kiasi kilichoingia kikipungua sana ujue hewa imebaki. Kesho yake asubuhi, injini ikiwa baridi, tazama tena tangi la akiba na uongeze kama limeshuka. Linaposhuka kila asubuhi, rudi kwenye mipira na kifuniko.

Limebaki beseni. Maji ya kusuuza yana kutu, lakini kulanti ya zamani ina sumu. Nyingi hutengenezwa kwa ethilini glikoli, ambayo ladha yake ni tamu, na mnyama akiilamba hurudia. Kiasi kidogo tu huua mbwa kwa kuharibu figo, na mtoto naye hajui tofauti yake na sharubati ya kijani. Imimine kwenye dumu lenye mfuniko, liandike SUMU kwa wino usiofutika, uliweke juu mbali na watoto, wala usiichanganye na oili chafu. Ulizia gereji kubwa za mjini au ofisi ya mazingira ya halmashauri wanakoipeleka. Najua mfongo uko hatua kumi kutoka ulipochuchumaa, na ni rahisi kuinamisha beseni. Usifanye hivyo. Chini yako kuna kihamba cha jirani, ng'ombe wake wanakunywa hapo, na hajui kwamba leo ulikuwa ukisafisha rejeta.